Mchanga Mnaupima, Baiskeli Mnainunua kwa Picha

Mdogo wangu, sogea hapa karibu na Yaya, ndugu yako mkubwa, tuzungumze. Najua kilichokuleta. Una picha kwenye simu. Umeifungua asubuhi, umeifungua mchana, na usiku kabla ya kulala umeifungua tena ukaivuta kwa vidole viwili ili uone vizuri lile jina lililoandikwa kwenye bomba. Baiskeli ya mbio, ya kaboni, nyeusi ti, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Muuzaji yuko mbali, pengine Kampala, pengine Nairobi, pengine Dubai. Bei ameshusha. Amekuandikia kwamba kuna wengine wawili wanaitaka, na ukilala leo kesho huikuti. Moyo unakudunda, na swali ulilonitumia ni moja tu: "Yaya, nitume pesa?"

Kuitamani si kosa. Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, vijana wengi wananiuliza mambo haya. Najua wengi wetu wa upande huu wa mpaka, huku Kongo, tuliyatazama tukiwa na kidonda moyoni, maana ulikuwa ni mwaka uleule Goma ilianguka vitani Januari na Walikale ikaanguka Machi. Lakini macho ya kijana hayafungwi kwa kamba. Mliwaona wanaume wakipanda na kushuka vilima vile kilomita 267.5, mpaka waliofika mwisho wakabaki 30 tu, na mbele yao Tadej Pogačar wa Slovenia. Na mwaka mmoja kabla mlikuwa mmemwona Biniam Girmay, mtoto wa Eritrea, akiivaa jezi ya kijani ya Tour de France mpaka mwisho. Nani asingetamani? Hata mimi moyo uliruka.

Lakini wewe ni mtoto wa Mubi, huku Walikale, na mtoto wa Mubi sina haja ya kumfundisha biashara. Umekulia mahali ambapo wabebaji waliufikisha mchanga wa kasiteriti, yaani madini ya bati, kutoka msitu wa Bisie wakiwa na kilo 50 mgongoni, miguu imevimba, wakishuka Njingala kuja kuuza. Umeona manegosian, wale wanunuzi wa madini, tangu ukiwa mdogo. Hebu niambie, lini ulimwona negosian akitoa dola kwa mfuko ambao hajaufungua? Hata kama aliyeuleta ni shemeji yake, anaufungua. Anaingiza mkono mpaka chini, kwa sababu mchanga mzuri unaweza kuwa juu na mawe ya bure yakalala chini. Anaunyanyua asikie uzito wake, anausugua kwenye kiganja, anataka kujua teneri, yaani kiasi cha madini kilichomo, ndipo mdomo wake unafunguka kutaja bei. Na hakuna anayemwita mtu huyo mwoga au bahili. Wanamwita mtu anayejua kazi yake.

Sasa mtoto wa mji huohuo anataka kutuma jasho la mwaka mzima kwa kitu alichokiona kwenye kioo kipana kama kiganja cha mkono. Mdogo wangu! Hiyo ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe hujaligusa.

Mtazame hata mwanamume anayekwenda kununua chukudu, ile ya mbao ya kubebea mizigo, kule Masisi au Goma. Ni mti mtupu, hauna gia, hauna cheni. Lakini anaisukuma kwanza, anaweka goti pale mahali pa goti, anaipeleka kwenye kateremko asikie magurudumu yanavyolia na kama usukani unavutia upande mmoja. Anajua kwamba chombo hicho na mwili wake vitakwenda pamoja kila siku, na mwili ndio utakaolipa kama havipatani.

Hapo kwenye mwili ndipo ninapotaka unisikie vizuri, maana mimi nililipa.

Nilikuwa nakaa Goma wakati ule. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ilikuwa imefika, nikachukua ile pesa yote, nikaongeza na ya mfukoni, nikatuma kwa muuzaji wa mji wa mbali ambaye simtaji. Nilichagua kipimo cha 54 kwa sababu rafiki yangu niliyelingana naye kimo alipanda 54. Nilidhani kimo ndicho kipimo. Baiskeli ilifika, nzuri ya kutoa machozi. Majirani walitoka kuiangalia. Jumamosi ya kwanza nikaichukua barabara ya Sake, kilomita kama 25 tu. Nilipofika Mugunga, kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Nikakung'uta mkono, nikaendelea. Nilipofika Sake shingo ilikuwa ngumu kama ubao, na kiuno kilikuwa kinanichoma kama nimelima siku nzima.

Nikajiambia nitazoea. Nikavumilia majuma sita, kila Jumamosi. Mama alikuwa akiniuliza, "Baiskeli yako inakwendaje?" nami najibu, "Inakwenda vizuri sana, Mama." Sikuweza kumwambia kwamba pesa ya likelemba imenunua maumivu. Ikafika siku nikawa naitoa ukutani, naipangusa vumbi, nairudisha ukutani. Uchungu wa pesa unapita, mdogo wangu. Ule wa kumdanganya mama kila Jumamosi ndio uliokawia kunitoka. Mwishoni niliiuza nusu ya bei kwa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu, naye akaipanda akicheka, kwa sababu haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa ya mwili mwingine.

Baadaye nilielewa. Ile 54 iliyoandikwa kwenye fremu haifanani kwa kila mtengenezaji. Huyu anapima bomba la kiti, yule anapima bomba la juu ambalo limelazwa, mwingine anakadiria tu. Kinachoamua kama mgongo wako utalia ni vipimo viwili vinavyoanzia katikati, pale pedeli zinapozungukia: kutoka hapo kwenda juu mpaka kwenye mdomo wa bomba la mbele, lile ambamo foko inapita; na kutoka hapo kwenda mbele mpaka usawa wa mdomo huohuo. Cha kwanza kikiwa kifupi mno, unainama mpaka shingo inakufa. Cha pili kikiwa kirefu mno, unajinyoosha kama mtu anayevua samaki kutoka ukingoni, uzito wote unaangukia viganja, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole cha mwisho unabanwa. Ndiyo ile ganzi yangu ya Mugunga. Sentimita moja inatosha kuleta tofauti. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuachana kabisa hapa, mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwenzake kinyume chake. Rafiki yangu alikuwa na mikono. Mimi nina miguu.

Picha haiwezi kukuonyesha hayo. Na kuna mengine ambayo picha itakuficha hata ikipigwa juani.

Kaboni si chuma. Ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ngumu. Ukiitumia kwa namna iliyotengenezewa, ni imara ajabu, na ndiyo maana baiskeli nzima inaweza kuwa nyepesi hata UCI, chama cha baiskeli duniani, ikaweka sheria kwamba kwenye mashindano isipungue kilo 6.8. Lakini ukiibana kutoka ubavuni, au ikipigwa na jiwe, au fundi akikaza skrubu ya usukani kwa nguvu zake zote kama anavyokaza gurudumu la lori, inaweza kupasuka ndani kwa ndani, rangi ya juu ikabaki inang'aa. Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda, kinakupa habari mapema. Kaboni inaweza kukaa kimya mpaka siku inakatika, na ikikatika kwenye foko wakati unateremka, mdogo wangu, uso ndio unaofika chini kwanza. Sisemi hivi kukutisha usiku. Nasema kwa sababu anayeuza baiskeli iliyoanguka si lazima akuambie kwamba ilianguka, na mara nyingine hata yeye hajui, aliinunua hivyohivyo.

Wenye kujua huigonga polepole kwa sarafu bomba zima, wakisikiliza. Mahali pazima panalia kikavu, tik, tik. Mahali palipojeruhiwa sauti inazama kama unagonga papai lililooza. Wanatazama pale bomba la mbele linapoungana na mengine, chini ya pedeli, kwenye shingo ya kiti, na kwenye vile vibomba viwili vinavyokwenda gurudumu la nyuma ambako mawe hurukia. Wanatoa kiti na bomba lake waone ndani. Wewe uliye Mubi utagongaje sarafu kwenye kioo cha simu?

Na ukikuta ufa, unampelekea nani? Fundi wetu wa kuchomelea namheshimu, ameokoa maelfu ya baiskeli za chuma zinazobeba mihogo na mafuta ya mawese kwenye barabara zetu. Lakini moto wake na kaboni haviwezi kukutana. Kaboni hutengenezwa na fundi wa kazi hiyo, kwa nyuzi mpya na gundi mpya, na huyo hutamkuta ukitafuta kutoka Walikale mpaka Lubutu. Hapo sijagusa fremu bandia, zile zinazoandikwa majina makubwa ya Italia na Marekani na hazikuwahi kupita karibu na viwanda vyao. Jina unalolivuta kwa vidole viwili usiku ni rangi tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembea mpaka kwenye simu yako.

Halafu safari. Tuseme ni halisi, ni nzima, na kipimo ni chako. Itafikaje? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Machi ya mwaka huo hata mgodi mkubwa wa Bisie, wenye mitambo na walinzi wake, ulisimamisha kazi kwa muda kwa sababu ya vita. Sembuse sanduku lako moja. Litapakiwa juu ya lori la Fuso. Umeziona Fuso zetu. Watalilaza kando, watapiga kamba ya mpira mpaka iimbe, juu yake wataweka magunia ya chumvi na abiria saba, na kwenye matope lori litalala siku tatu likiinuliwa na kuangushwa. Baiskeli ya chuma ingeshuka imechubuka tu. Fremu ya kaboni iliyobanwa na kamba ubavuni namna hiyo, mimi binafsi nisingeipanda tena kabla haijapimwa. Na kama haikufai, utairudisha kwa njia gani? Muuzaji anayesema "ukiona haikufai nirudishie" anajua vizuri sana mahali Mubi ilipo.

Naomba pia unijibu, usikasirike: utaipanda wapi? Tairi zake ni nyembamba, nyingi zina upana wa milimita 25 au 28, na fremu haiachi nafasi ya tope. Kwetu mvua ya msitu haimwombi mtu ruhusa. Ninakijua kile kipande cha lami cha Kilambo, kile ambacho ndege zilikuwa zinatua barabarani kuchukua mchanga, magari yakisimamishwa pembeni mpaka zishuke. Najua wavulana walivyokuwa wakikitazama kipande kile wakiota mbio. Mimi pia ningeota. Lakini lami ile inaanza na kuisha kabla miguu haijapata moto, na kabla yake na baada yake ni mashimo na madaraja ya magogo. Na mama akikuomba umletee kitita cha kuni, baiskeli hii haina hata mahali pa kufungia karia.

Kama uko mbioni kuhamia Goma, Kampala au Nairobi kwa masomo, au una klabu inayokungoja, hapo mazungumzo yanabadilika. Tena inakuwa sababu nzuri zaidi ya kungoja, kwa kuwa utakuwa karibu na baiskeli yenyewe, utaipanda. Kinachokukimbiza ni nini? Yule mnunuzi wa kesho? Mdogo wangu, mnunuzi wa kesho yupo kwenye kila biashara. Alikuwepo hata kwangu.

Sasa utaniambia, "Lakini Yaya, wakimbiaji wakubwa wanaletewa baiskeli mpya kwa ndege, wanapanda siku hiyohiyo." Ni kweli, na hapo ndipo pana somo. Hawa wanavijua vipimo vya miili yao kama unavyojua jina la baba yako. Wana karatasi: kiti urefu huu, kutoka kiti hadi usukani urefu huu. Fundi anaifunga baiskeli mpya ifuate karatasi. Walizipata wapi namba hizo? Walizipata kwa kupanda, miaka na miaka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akaja kushinda Tour de France mara nne, alianza akiwa mtoto kwa kumfuata mwendesha baiskeli David Kinjah huko Kikuyu kwenye barabara za vumbi, hakuanza na kaboni. Mwili ulifundishwa kwanza, kaboni ikaja baadaye.

Kwa hiyo hata ukipata nafasi ya kupanda, usizunguke ua wa duka dakika tano ukitabasamu halafu ukalipa. Dakika tano hazisemi kitu, maana mapenzi mapya hayana maumivu. Ganzi yangu ilingoja mpaka Mugunga. Omba nusu saa, zaidi ukiweza, upande kilima, ushuke, ushike usukani chini na juu, usikilize vidole, shingo na magoti. Anayekunyima nusu saa kwa kitu cha dola mia kadhaa au elfu, amekujibu.

Na kama kweli hakuna njia, kama baiskeli iko huko na wewe uko hapa na roho imekataa kutulia, basi angalau usiende gizani. Anza na mwili wako. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kigumu kati ya mapaja, kipandishe mpaka kikae kama kiti cha baiskeli, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Kama miguu yako ni sentimita 80, unapata 70.6, na huo ni urefu wa karibu kutoka katikati, pale pedeli zinapozungukia, mpaka juu ya kiti. Kisha tafuta mtu yeyote mwenye baiskeli ya mbio, ya chuma au alumini, haidhuru, hata kama ni kusubiri safari ya Bukavu au Goma. Mwombe kwa adabu, ipande mpaka mwili useme, halafu chukua mita upime: vile vipimo viwili nilivyokuambia, na umbali kutoka ncha ya kiti hadi usukani. Viandike kwenye daftari pamoja na mahali palipokuuma. Mtake muuzaji akupimie vilevile kwenye yake, kwa video, mita ionekane. Atakayesema "wewe niamini tu, inakutosha" umuage kwa heri.

Umtume pia mtu. Una binamu huko, una mtu wa kanisa lenu, una rafiki wa shule. Si lazima awe mwendesha baiskeli, awe mtu mwenye macho na asiye na mapenzi na kitu hicho, kwa maana wewe umeshapofuka. Aende na fundi wa baiskeli, amlipe fundi huyo kidogo, wazungushe magurudumu, wagonge sarafu, wasome namba iliyo chini ya fremu, waitembeze. Pesa ikae kwa binamu mpaka hapo. Ukishamtumia mtu usiyemjua kwa simu, hiyo pesa imekwenda, na hakuna ofisi Mubi itakayokurudishia.

Uwe mkweli vilevile juu ya pesa yenyewe. Ikiwa ni ya karo ya wadogo zako, au ni zamu ya likelemba ambayo wenzako bado wanaidai, jibu langu ni usitume, sitaki hata kuona picha. Ikiwa ni yako safi, na unaweza kuipoteza yote bila mtu nyumbani kulala na njaa, hapo utaamua wewe kama mtu mzima, nami sitakununia.

Na wewe uliyekwisha kutuma, unayesoma hapa huku masikio yamekuwa moto, usijifiche. Mimi nilijificha na haikunisaidia. Kama imefika na inakuuma, mwambie nyumbani ukweli leo jioni. Shingo ya usukani mara nyingi inabadilika, ukaweka fupi kwa sentimita moja au mbili, kiti kikasogezwa, na maumivu yakapungua. Kwenye baiskeli mpya ambazo waya na mipira ya breki vimepitishwa ndani ya usukani kazi hiyo ni ngumu na ghali, basi uliza kabla hujafungua chochote. Ikishindikana, iuze kwa mwili unaoifaa na umwambie mnunuzi kila kitu unachokijua juu yake. Mruhusu aipande.

Wewe wa picha, mjibu muuzaji sasa hivi kwamba unahitaji vipimo vitatu na video. Halafu katafute mita ya fundi cherehani na kitabu kigumu. Nitumie namba zako kwanza, nami nitakaa nazo pamoja na zake, tutaziangalia wote wawili.